Kila Habari Ina Kwao

Mazungumzo juu ya kuandika daftarini yale tunayoyasoma katika intaneti, yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, waalimu na wanafunzi wa sasa



Mwenyekiti aliponiandikia alinipa masharti mawili: niseme jambo litakalowafaa vijana, na nisizidi nusu saa kwa sababu wapishi hawapendi kungojeshwa. Masharti yote mawili nimeyakubali. Wale waliotazamia kwamba nitasimulia habari za uji wa asubuhi na kengele ya saa kumi na moja watanisamehe. Hayo tutayamaliza wenyewe baada ya chakula, chini ya mwembe.

Mimi nimefanya kazi ya masjala kwa miaka 31. Kwa vijana ambao hawajalisikia neno hilo, masjala ni chumba cha ofisi ambamo barua zote zinazoingia na kutoka huandikishwa, hupewa namba na kuwekwa katika majalada. Si kazi ya kumpatia mtu sifa mitaani, na sijapata kusikia ngoma iliyopigwa kwa ajili ya karani wa masjala. Lakini kazi hiyo ilinifundisha jambo moja ambalo naona linawahusu ninyi vijana kuliko lilivyotuhusu sisi. Kila habari ina kwao, na habari isiyojulikana kwao haimsaidii mtu siku ya shida.

Jana mchana Mkuu wa Shule alinitembeza mpaka chumba cha kompyuta. Nilifurahi sana. Zamani zetu darasa zima lilikuwa likigombea kamusi moja, na aliyeipata hakuiachia mpaka kiranja aingilie kati. Leo kijana anafungua intaneti na kusoma maandishi ya vyuo vikuu na maktaba za dunia nzima. Lakini niliona pia kwamba wanakaa wawili kwa mashine moja, kwa kipindi kimoja tu. Simu haziruhusiwi bwenini. Na mashine ya kuchapia ina kazi nyingine za shule. Kwa hiyo kila anachokisoma mwanafunzi huingia daftarini kwa kalamu. Mimi silisikitikii jambo hilo. Mkono unaoandika hukilazimisha kichwa kuchagua lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Niliomba ruhusa ya kutazama madaftari machache. Hati zilikuwa safi, na mambo yaliyoandikwa yalikuwa ya maana. Nikamwuliza kijana mmoja, "Takwimu hii umeitoa wapi, mwanangu?" Akajibu kwa adabu, "Google, mzee." Nikamwuliza wa pili na wa tatu. Wote walitoka kijiji hicho hicho.

Sasa, ndugu zangu, kusema kwamba chanzo ni Google ni kama kusema kwamba barua hii imeandikwa na posta. Posta imeileta tu. Aliyeiandika ni mtu mwingine, ana jina, ana mahali, na aliiandika siku fulani kwa sababu fulani. Google ni mashine ya kutafutia; inakuonyesha mlango, na nyuma ya mlango yupo mwenye nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayetakiwa daftarini.

Nitawapa mfano wa kazini ili mwone kwamba jambo hili si la mapambo. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja alikuja mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mafao yake yalikuwa yamehesabiwa kwa upungufu wa miaka minne, kwa sababu barua yake ya kwanza ya kuajiriwa haikuonekana katika jalada lake. Mama aliambiwa aende akailete barua yenyewe. Barua ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Lakini mama alikuja na daftari la kurasa 48. Marehemu alikuwa na desturi moja: kila barua aliyopokea aliiandika katika daftari lile kwa mstari mmoja, akataja namba ya kumbukumbu, tarehe, ofisi iliyotoka, cheo cha aliyetia saini, na barua inahusu nini.

Kwa mstari ule mmoja tuliingia stoo ya majalada yaliyofungwa. Nakala ya barua haikuwa katika jalada la mwalimu, ila katika jalada la uhamisho wa mwaka ule, ambako mtu fulani wa zamani alikuwa ameiweka. Tuliipata kabla ya adhuhuri. Miaka minne ikarudi, na watoto wa marehemu wakalipiwa ada. Kama mwalimu yule angeandika tu, "Nimepata barua ya kuajiriwa, Mungu asifiwe," tungempa mama yule pole na kiti cha kupumzikia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata habari zenyewe zahitaji daftari.

Mtaniuliza: hayo ya barua na majalada yanaingiaje katika intaneti? Yanaingia kwa sababu mbili.

Kwanza, kitabu hukaa mahali pake, lakini ukurasa wa intaneti huhama, na mara nyingine hufa. Kitabu nilichokisoma hapa nikiwa kidato cha pili, hata kama nakala ya shule imechakaa, nakala nyingine iko maktaba fulani na ukurasa wa 60 ni ule ule. Ukurasa wa intaneti unategemea mtu anayelipia tovuti yake. Akiacha kulipa, akifa, au ofisi ikibadilisha mpango wa tovuti, anwani uliyoiandika haifunguki. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa taarifa kwamba, katika sampuli ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikuweza kufunguliwa tena miaka kumi baadaye. Huko huko Marekani, mwaka 2014, wasomi wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapa utafiti wao juu ya hukumu za Mahakama ya Juu ya nchi ile. Waliona kwamba kiasi cha nusu ya anwani za intaneti zilizotajwa katika hukumu hizo hazikumfikisha tena msomaji kwenye habari iliyokusudiwa. Hizo ni hukumu za majaji, zinazotegemewa na nchi nzima. Basi daftari la kijana wa kidato cha tatu litaponaje?

Pili, ukurasa waweza kubaki pale pale na maneno yake yakabadilika. Nichukue mfano wa nyumbani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa yalikuwa yakibomoka. Baada ya kazi ya kuyahifadhi, mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Sasa fikirini ndugu wawili. Mkubwa alisoma habari za Kilwa mwaka 2012 akaandika, "Kilwa iko hatarini." Mdogo akasoma mwaka 2016 akaandika, "Kilwa haimo katika orodha ya hatari." Wakikutana likizo watabishana mpaka mama azime taa, na wote wawili wanasema kweli. Kinachokosekana ni tarehe tu.

Au tazameni hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 katika Tanzania. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Kurasa zenye hesabu ya kwanza bado zimejaa katika intaneti, na hazisemi uongo. Mwanafunzi anayeandika "watu wa Tanzania ni milioni 44.9" bila mwaka na bila kutaja sensa ameandika kitu ambacho hakina kazi tena.

Basi tuandike nini? Nimeyapanga mambo matano. Yanaingia katika mistari miwili ya daftari, na hayachukui zaidi ya dakika moja.

La kwanza ni mwandishi. Kama ni mtu, andika jina lake. Kama ni ofisi, wizara au shirika, andika jina la ofisi hiyo. Kama huoni jina lolote, andika hivyo hivyo: "Mwandishi hakutajwa." Hiyo nayo ni habari kubwa, kwa maana inakuonya usiiegemee sana.

La pili ni kichwa cha habari, neno kwa neno kama kilivyoandikwa, katika lugha yake. Usikitafsiri wala usikifupishe. Anwani ikifa, kichwa kizima ndicho kitakachokurudisha. Utakiandika katika mashine ya kutafutia ndani ya alama za mtajo, na kama ukurasa umehamia kwingine mara nyingi utauona.

La tatu ni tovuti. Hapa wengi huchoka, kwa sababu anwani nyingine ni ndefu kama treni ya mizigo. Usijitese. Sehemu yenye kazi kwako ni ile iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza wa pekee, yaani jina la tovuti yenyewe. Jina hilo hukuambia pia ni nyumba ya nani: linaloishia na .go.tz ni la serikali ya Tanzania, .ac.tz ni la vyuo, na .sc.tz ni la shule. Anwani ikiwa fupi, iandike yote. Ikiwa ndefu, andika jina la tovuti na uviachie kichwa na tarehe kazi iliyobaki.

La nne ni tarehe, na ni tarehe mbili: siku habari ilipoandikwa au kusahihishwa, na siku uliyoisoma wewe. Ile ya kwanza mara nyingi iko juu chini ya kichwa, au mwisho kabisa wa ukurasa. Usipoiona, sema hukuiona. Ya pili unayo mwenyewe, basi hakuna udhuru.

La tano ni mahali ndani ya ukurasa. Kurasa za intaneti hazina namba kama vitabu. Andika kichwa kidogo ambacho habari iko chini yake, au hesabu aya. Kama ni picha ya video au hotuba ya kusikiliza, andika dakika na sekunde. Mwalimu akikuuliza, utamfikisha pale pale badala ya kumkalisha saa nzima akingoja sentensi moja.

Kwa mfano wa Kilwa, daftarini ingeonekana hivi:

"C7. Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO. 'Ruins of Kilwa Kisiwani and Ruins of Songo Mnara.' whc.unesco.org/en/list/144. Tarehe ya kuandikwa sikuiona. Nimesoma 12 Juni 2025. Aya ya kwanza."

Hiyo "C7" maana yake ni chanzo cha saba. Hapa ndipo desturi ya masjala inapowafaa. Tengeni kurasa nne za mwisho za daftari ziwe orodha ya vyanzo, kila chanzo na namba yake. Halafu huku mbele, mnapoandika habari yenyewe, wekeni namba tu pembeni: C7, C7, C8. Hamtarudia anwani mara kumi. Namba za kurasa za daftari nazo ziandikeni kwa mkono, ili orodha ya nyuma ionyeshe kwamba C7 imetumika ukurasa wa 12 na wa 31.

Jambo hili si geni duniani. Niklas Luhmann, msomi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, aliacha vikaratasi kiasi cha 90,000 katika masanduku yake. Kila kikaratasi kilikuwa na namba yake, na vitabu alivyovisoma vilikuwa na vikaratasi vya pekee. Kwa masanduku hayo aliandika vitabu vingi sana. Kilichomwezesha ni utaratibu mdogo ambao hakuuacha.

Kuna mambo madogo ya mwandiko ambayo karani yeyote angewaambia. Herufi l na tarakimu 1 zinafanana. Herufi O na sifuri zinafanana. Zipambanueni, mathalani kwa kukata sifuri mstari. Ile alama ya mstari wa chini inayotumika katika anwani nyingi hufichwa na mstari wa daftari. Iandikeni juu kidogo, au ziandikeni anwani mahali pasipo mistari. Anwani ikifika mwisho wa mstari, msiikate kwa kistari kama mnavyokata neno, kwa sababu kesho hamtajua kama kistari ni cha anwani au ni chenu. Ikateni baada ya mkwaju. Tena, baada ya jina la tovuti, herufi kubwa na ndogo mara nyingi si kitu kimoja. Andikeni kama mlivyoona.

Na kwa ninyi wa kidato cha tano na sita, ambao mmeanza kusoma makala za wasomi, mtaona makala nyingi zina namba inayoanza na 10 na nukta, iitwayo DOI. Namba hiyo imewekwa makusudi ili makala ipatikane hata ikihamishwa tovuti. Mkiiona, iandikeni kabla ya anwani yoyote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko yote niliyosema: kupambanua maneno ya nani ni ya nani. Katika daftari yanaingia maneno ya namna tatu. Kuna maneno ya mwandishi uliyoyanakili kama yalivyo. Hayo yafungwe ndani ya alama za mtajo, hata kama ni nusu sentensi. Kuna maana yake uliyoieleza kwa maneno yako; hiyo haina alama za mtajo, lakini ina namba ya chanzo. Na kuna mawazo yako mwenyewe. Hayo yawekewe alama yako, tuseme nyota. Ukichanganya namna hizi tatu, baada ya miezi sita hutajua tena. Utayachukua maneno ya mtu mwingine ukidhani ni yako, au, lililo baya zaidi, utatia wazo lako katika kinywa cha mtu aliyeheshimiwa. Wanafunzi wa vyuo wanapoadhibiwa kwa wizi wa maandishi, si wote waliokusudia kuiba. Baadhi yao walikuwa na madaftari yasiyo na alama.

Pia tazameni kama mwandishi mnayemsoma aliona mwenyewe au amesimuliwa. Turudi Kilwa. Historia ya wafalme wa mji ule imetufikia kwa njia mbili kubwa. Njia moja ni kitabu cha Mreno João de Barros, kilichochapwa mwaka 1552. Yeye mwenyewe hakufika Kilwa. Nyingine ni maandishi ya Kiarabu ambayo nakala yake ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, na sasa iko maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London. Maandishi haya mawili hayakubaliani katika mambo mengi. Ya Kiarabu yanasimulia merikebu saba zilizotoka Shirazi. De Barros anasimulia merikebu mbili. Wanahistoria wanaweza kuyapima kwa sababu wanajua lipi limetoka wapi. Mwanafunzi anayeandika tu, "Historia inasema merikebu zilikuwa saba," amejifungia mlango wa mjadala huo. Basi mkisoma katika gazeti kwamba taarifa fulani imesema jambo, andikeni yote mawili: "Taarifa fulani, kama ilivyotajwa na gazeti fulani." Mkiipata taarifa yenyewe, mtalifuta gazeti.

Hilo linanifikisha kwenye mashine za akili mnemba zinazojibu maswali kama mtu. Najua mnazitumia likizo, na sikuja hapa kuzilaani. Lakini mashine hizo zaweza kutaja kitabu ambacho hakijapata kuandikwa na mwandishi ambaye hakuzaliwa, kwa ufasaha kamili. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi zilizotungwa na ChatGPT. Jaji alipozitafuta hakuziona, kwa kuwa hazikuwapo, na mawakili hao pamoja na ofisi yao wakatozwa faini ya dola 5,000. Kwa hiyo, mkiuliza mashine, andikeni daftarini kwamba ni mashine, jina lake, siku, na swali mlilouliza. Kisha nendeni mkakitafute chanzo inachokitaja. Kisichoonekana kwa macho yenu kisiingie katika orodha ya nyuma. Na kanuni ni hiyo hiyo kwa ujumbe unaozunguka katika WhatsApp. Mjomba aliyekutumia ni mjomba. Chanzo ni yule aliyeandika kwanza, na kama hajulikani, ujumbe huo ni uvumi.

Kwa habari mnayoiona ni ya thamani kubwa, kuna msaada mmoja zaidi. Shirika la Internet Archive, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa za intaneti. Tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuzitazama bure kwa njia iitwayo Wayback Machine. Ukiingiza anwani, inakuonyesha ukurasa ulivyokuwa siku mbalimbali zilizopita, kama ulihifadhiwa. Waweza pia kuuomba uhifadhi ukurasa unaousoma leo. Si kila ukurasa umo, lakini nyingi zilizokufa kwingine zinaishi humo. Ndiyo sababu nasema tarehe ya kusoma ni ya lazima: bila tarehe hutajua ni nakala ya siku gani uliyoiona.

Mwalimu mmoja aliniambia jana, kwa haki kabisa, kwamba kipindi ni dakika 40, kompyuta ni chache, na mtihani wa taifa haumwulizi kijana ameisoma habari wapi. Ni kweli. Kuhusu muda, nina shauri moja tu: andika chanzo kwanza, kabla ya kuandika habari yenyewe. Wengi husema, "Nitaandika chanzo mwishoni," na mwishoni kengele hulia, mwenzake anataka kiti, na ukurasa umefungwa. Chanzo kikitangulia, hata kengele ikikukata katikati utarudi kesho ukamalizie.

Kuhusu mtihani, sina ubishi. Mtihani hauulizi. Lakini mwanafunzi hasomi hapa kwa ajili ya mtihani peke yake. Kesho atakuwa mganga wa zahanati, na mtu atamletea habari kwamba majani fulani yanatibu kisukari. Atakuwa diwani, na mtu atamsomea takwimu za maji za kijiji. Atakuwa baba, na mwanawe atamwuliza kama ni kweli. Siku hiyo, aliyezoea kuuliza "Nani amesema, lini, na wapi?" hatadanganywa kirahisi. Swali hilo halifundishwi kwa hotuba yangu hii. Linazoewa kwa kulijibu daftarini kila siku, mpaka mkono uone aibu kuandika habari isiyo na kwao.

Ndugu zangu wa zamani, msidhani kwamba mmeponyoka. Katika kundi letu la simu tunatumiana habari asubuhi na jioni, na ni wachache wanaosema zimetoka wapi. Tuwaonyeshe vijana mfano. Anayetuma, aseme chanzo. Asiyekijua, aseme hakijui.

Tena kuna deni moja la hapa hapa. Katika ukumbi huu zimetundikwa picha 23 za zamani: timu za mpira, viranja, kwaya, ujenzi wa bweni. Nimezihesabu. Kumi na moja hazina jina hata moja wala mwaka. Vijana wanazipita kila siku na kuona nyuso za watu wasio na kwao. Tuliomo katika picha zile, na tunaowajua walio pembeni yetu, tuko hapa leo, nywele nyeupe. Baadhi ya wenzetu wamekwisha kutangulia, na kila mwaka tunapungua.

Mkuu wa Shule ameniruhusu tuziteremshe baada ya chakula. Nimeleta penseli laini, maana wino hupenya karatasi ya picha. Nyuma ya kila moja tuandike majina kuanzia kushoto, mahali, mwaka, na chini yake jina la aliyeyataja majina hayo na tarehe ya leo. Mahali ambapo hatuna hakika, tuweke alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza ni afadhali kuliko jina la kubahatisha. Vijana wa kidato cha tatu watatushikia daftari na kunakili orodha. Nawaomba wasituachie mpaka tuwaambie tumejuaje.

Penseli ziko mezani karibu na mlango.